Vitabu Vitatu Alivyomaliza Mwami

Treni ilipoiacha Parramatta, wenye suti walikuwa wameshashuka wote. Wanawake wawili wa Kipunjabi walibishana kuhusu harusi ya mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Kijana mmoja alimhakikishia mama yake kwa simu, kwa Kiarabu cha Khartoum, kwamba ameshakula, huku macho yake yakiwa kwenye mkate wangu. Nje zilipita nyumba za ghorofa moja, paa za vigae, nyua za mabati, na miti mirefu yenye magome yanayobambuka. Nilikuwa nimefika Sydney jana yake tu na sikujua treni inaelekea upande gani wa dunia. Nilichokuwa nacho ni jina la kituo, Doonside, na maneno ya Apondi, muuguzi Mkenya niliyesoma naye zamani: "Kuna mzee Mkongomani huku alikuwa mkutubi wa mfalme. Alipolazwa wodini kwetu, siku ya pili tu alishapanga magazeti yote ya chumba cha kungojea kwa tarehe. Njoo umwone kabla hajastaafu kupanga mabomba."

Kwenye jukwaa la kituo alisimama mtu mmoja tu asiye na haraka. Alivaa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa inayong'aa, lakini suruali yake ilikuwa imenyooka kwa pasi na viatu vyake vya ngozi vimesuguliwa mpaka vikaonyesha mawingu. Aliniambia treni yangu imechelewa dakika nne, kisha akaona aibu kuanza na lawama, akavua kofia na kuanza upya kwa salamu. Huyo ndiye Vénérand Murhula, mwenye miaka sitini na mitano.

Habari ya mabomba aliifafanua njiani. Anafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya bafu: mabomba, masinki, vichwa vya kuogea. Wenzake hufunga mkononi kifaa kinachowaambia waende rafu gani. Yeye hakihitaji. Mwaka wake wa kwanza alizikariri rafu zote elfu nne, na msimamizi wake huwaleta wageni kumtazama. Alilisimulia hilo bila majivuno, kama mtu anayesema anajua njia ya kwenda kwake.

Nyumbani, mkewe Marie-Jeanne alinikaribisha kwa chai ya maziwa na kuniambia nisiguse chochote mezani mpaka ninawe. Nilidhani ni kwa ajili ya chakula. Kumbe ni kwa ajili ya daftari. Vénérand alinimiminia maji mwenyewe, akanipa taulo, akasubiri vidole vikauke, ndipo akafungua kitambaa cheupe.

"Umeona?" Marie-Jeanne akaniambia. "Miye bibi yake, miaka makumi tatu na nane. Hata siku moja hajanawa hivyo mbele ya kunigusa."

"Weye huna kurasa," mumewe akajibu, bila kuinua macho.

Daftari lilikuwa nene, jalada la kitambaa cheusi, pembe zimeliwa na panya wa kambini. Ndani, mwandiko mdogo ulionyooka kama mshono wa cherehani. Nilikaa nalo alasiri nzima ya Ijumaa hiyo, na yeye pembeni akieleza.

Ufalme wake ni mdogo, milimani, magharibi ya Ziwa Kivu, na aliniomba nisiutaje jina. Mfalme wa huko huitwa mwami. Mwami huyo alisoma Ubelgiji, akarudi na makasha kumi na moja ya vitabu pamoja na kikohozi kisichopona. Vitabu viliwekwa katika nyumba iliyokuwa ya vyungu vya maziwa, na wazee walinung'unika kwamba ng'ombe watasusa. Mwaka 1983 akatafutwa mtu wa kuvitunza. Vénérand, wakati huo ana miaka ishirini na minne, alikuwa amefukuzwa seminari kwa kucheka katika misa ya wafu. Mwami alipoisikia habari hiyo alimwajiri siku ileile. Alisema mtu anayecheka mahali pa kulia hawezi kuficha kitu.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Hakuna aliyempa mwami kitabu mkononi. Jioni mkutubi alinawa, akakiweka kitabu juu ya kigoda kushoto kwa kitanda, akatoka kinyumenyume. Saa kumi na mbili asubuhi alirudi kukichukua, akaangalia utepe umeishia ukurasa gani, akaandika. Tarehe, kitabu, ukurasa, maoni. Safu ya maoni ndiyo iliyonichekesha. "Amekilaza kifudifudi." "Amelala na miwani." "Ameuliza kama mwandishi huyu ana mke." Miaka ishirini na miwili bila siku iliyorukwa, hata siku aliyozaliwa mtoto wao wa kwanza. Siku hiyo Marie-Jeanne alijifungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mumewe alimtazama mtoto, akatazama saa, akaenda kuangalia utepe. Hilo yeye alilisimulia kama utumishi. Mkewe aliyekuwa akikatakata vitunguu alilisimulia tofauti.

Marie-Jeanne naye alikuwa wa boma. Alipika jikoni kwa mwami.

Mwaka mmoja baada ya mwami kufa, watu wenye bunduki waliingia bomani na nyumba ya vitabu ikateketea. Vénérand alitoka na daftari ndani ya shati na kitabu kimoja tu, cha ufugaji wa nyuki, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Kisha miaka mitano ya kambi nchini Uganda. Kisha Sydney, mabomba, mkopo wa nyumba, na binti yao wa mwisho, Ketsia, anayesoma chuo mjini na kuwajibu wazazi wake kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimekuja kwa hadithi hiyo na ningeridhika nayo. Lakini alinieleza kwamba nimefika wakati mzuri, kwa sababu kesho yake mtu atakuja kulipiga daftari picha, na picha hizo ndizo zitakazoamua nani atakuwa mwami.

Mambo yalikuwa hivi. Mwami alipokufa, tarehe 3 Septemba 2005, kiti kilikaliwa na mdogo wake kwa niaba ya watoto. Sasa mdogo huyo amezeeka, na baraza la wazee linapaswa kumchagua mmoja wa wana wawili wa marehemu, wa mama tofauti. Mwaka huu ikajitokeza barua yenye sahihi ya mwami, ya tarehe 11 Agosti 2005, ikimtaja mtoto wa nyumba ya pili. Nusu ya wazee walisema ni halali, nusu walisema ya kughushi. Walikubaliana jambo moja tu: daftari la Murhula halijawahi kusema uongo. Kama linaonyesha kwamba siku ile mwami alikuwa mzima, chumbani kwake, na akili zake, barua itapokewa.

Alinifungulia ukurasa wenyewe. 11 Agosti: historia ya reli, ukurasa wa 81. Maoni: "Amesoma kwa utulivu."

Kidole chake kilitulia pale muda mrefu. Nikadhani ni fahari, na ili kuichangamsha nikasema kwamba mwami alikuwa kama wanafunzi wengi, bidii ilimjia mwishoni. Katika miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeona kitabu kimoja tu alichokimaliza, cha magonjwa ya ng'ombe, tena chembamba. Vingine vyote aliviacha katikati. Halafu katika wiki sita za mwisho amemaliza vitatu mfululizo, nyuki, reli na sheria za ardhi, mpaka ukurasa wa mwisho, mpaka faharasa.

Hakucheka. Alilifunga daftari, akalizungushia kitambaa chake, akasema tusiendelee kwa sababu chai inapoa. Chai ilikuwa ikitoa mvuke.

Mtu huyo, Égide, alifika Jumamosi saa saba mchana kutoka Campbelltown, amebadilisha treni mara mbili, na keki ya dukani mkononi. Ni mpwa wa marehemu mwami, mtu wa miaka arobaini na kitu, anayetunza wazee katika nyumba moja ya huko. Mama yake ni wa ukoo wa nyumba ya pili, na hakuficha furaha yake. Katika mfuko wa koti alikuwa na karatasi iliyochapwa tayari: Mimi, Murhula, nathibitisha. Ilibaki sahihi tu.

Tulikula kwanza. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, maharage na bugali, na Marie-Jeanne alimchokoza Égide kwamba wazee anaowatunza lazima wanagawana naye chakula chao, maana tumbo lake limeingia mlangoni kabla yake. Égide akasifu sombe. Hapo Marie-Jeanne akaanza sifa ambayo, nilikuja kujua, akina mama wote wa kanisani wameshaisikia. Kwamba mwami alikuwa mtu wa kudonoa, lakini zile wiki zake za mwisho alikula kila kitu. Sahani ilirudi safi, hata mchuzi ameufuta. Alipika vizuri kiasi hicho.

"Hata hiyo ni ushahidi, Mama," Égide akasema. "Mutu mugonjwa hakule hivyo."

"Mwami hakula," Vénérand akasema.

Marie-Jeanne akamgeukia. "Alikula. Miye njo nilikuwa naosha sahani."

"Mwami alikufa tarehe makumi mbili na ine ya mwezi wa saba. Asubui, saa kumi na mbili. Nilikuta kitabu cha nyuki kwenye kifua, utepe kwenye ukurasa wa makumi sita na ine. Nilipokivuta, mukono ulikuja nacho."

Égide alikuwa na tonge mkononi, halikwenda kinywani wala halikurudi sahanini. Mimi nilijikuta nikihesabu, kwa sababu akili ilikataa kufanya kitu kingine: kutoka tarehe 24 Julai mpaka 3 Septemba ni siku arobaini na moja.

Alieleza huku ametazama kitambaa cha meza. Kwao, mwami hafi mpaka ngoma ya ufalme ihamishwe, na ngoma haihamishwi mpaka ikubalike nani atakaa kwenye kiti. Safari ile wakubwa hawakukubaliana upesi. Hata wao hawakujua kwamba ameshakufa; walikuwa wakibishana juu ya mrithi wa mgonjwa. Waliambiwa mwami anaumwa, hataki kuonana na mtu. Waliojua walikuwa wanne: mganga, muosha, mlinzi wa ngoma, na yeye, kwa sababu ndiye aliyemkuta. Waliapishwa palepale. Na maadamu mwami hajafa, kila kitu chake lazima kiendelee. Maji ya kuoga yaliingia na kutoka. Majani ya mwituni yalichomwa chumbani mchana kutwa, ili moshi ufanye kazi yake, na watu wa nje wakadhani ni dawa ya kikohozi. Chakula kiliingia. Kitabu kiliingia. Wenzake watatu wamekwisha kufa. Amebaki peke yake.

Marie-Jeanne aliuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Nani alikula?"

Vénérand alinyoosha kwa kidole mkunjo wa kitambaa cha meza.

"Baba Ketsia. Chakula changu, nani alikula?"

"Miye."

"Siku zote?"

"Sahani ilipaswa kurudi tupu."

"Ulikuwa unafika nyumba unasema hauna njaa." Alikuwa amesimama sasa, na mwiko mkononi. "Nikawaza uko na mwanamuke mwingine. Nilifanya novena, Vénérand. Siku tisa, magoti chini, juu ya huyo mwanamuke. Kumbe huyo mwanamuke ni miye, nampikia maiti."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Alikwenda jikoni, na tukasikia maji yakifunguliwa kwa nguvu yote ya bomba.

Égide ndiye aliyeokota maneno kwanza. Akauliza juu ya daftari. Tarehe zipo, kurasa zipo, mwandiko ni wake.

"Utepe nilikuwa nausogeza miye. Kurasa kumi na mbili kila siku. Siku ya soko kumi, sababu siku ya soko alikuwa anachoka."

Nimeona maghala ya nyaraka za kughushi katika miji mingi, mihuri bandia, mikataba iliyozeeshwa kwa chai. Sijaona kitu cha kutisha kama zile kurasa kumi za siku ya soko. Alikuwa amemwandikia maiti uchovu wake. Nikamuuliza kwa nini basi vitabu vilifika mwisho, ilhali mwami hakumaliza vitabu.

Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. Alisema ilimbidi akae mle chumbani kila jioni muda ule ambao mwami angekuwa anasoma, na hakukuwa na kitu kingine cha kufanya ila kusoma. Na yeye hawezi kukiacha kitabu katikati. Hajawahi kuweza.

"Basi aliyeandika barua..." Égide akaanza. Nilimwona akifika pale nilipofika mimi. Aliyeighushi barua alichagua siku ambayo ufalme mzima ulijua kwamba mwami yu hai, anaoga, anakula, anasoma habari za reli. Alidanganywa kama wote.

Égide aliisukuma sahani, akainama mbele. Alizungumza kwa upole, nami sikumwona kuwa mtu mbaya. "Papa, hakuna mwenye anajua. Hata hapa tuko watu wa nyumba. Sema tu kile kimeandikwa. Si uongo wako, ni desturi. Na weye uliapa."

"Niliapa kumuchunga mwami mupaka ngoma ihame," Vénérand akasema. "Ngoma ilihama. Sikuapa kumuandikia barua."

Kisha akaomba kalamu. Aliinuka, akanawa mikono kwenye sinki pembeni mwa mkewe, ambaye hakusogea kumpisha, akaikausha, akalifungua daftari kwenye 24 Julai. Katika safu ya maoni, palipokuwa na nafasi baada ya uongo wake wa zamani, akaandika: Mwami hakusoma. Akateremka mstari wa chini. Mwami hakusoma. Hakukata neno, hakufuta. Mstari wa 11 Agosti aliuandika sawa na mingine, wala hakusita. Mara arobaini na moja. Ilichukua karibu nusu saa, na katika nusu saa hiyo niliona jina zuri la miaka ishirini na miwili likivuliwa na mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa mwandiko uleule ulionyooka. Alipofika mwisho alitia sahihi na tarehe ya siku ile.

Égide hakupiga picha. Aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. Mlangoni, huku akivaa viatu, alisema jambo ambalo wote tulikuwa tumeliona. "Wino ni wa leo, Papa. Watasema muzee wa Sydney amenunuliwa na nyumba ya kwanza."

"Najua. Nitaenda kusimama mbele yao."

Jikoni maji yakafungwa.

Baraza lilikuwa likae baada ya siku kumi na mbili. Msimamizi wa ghala alimpa wiki tatu za likizo na kumuuliza nani atawaonyesha mabomba. Ketsia alikuja kutoka chuoni, akasikiliza yote, akamuuliza babake kwa Kiingereza kama amepatwa na wazimu, na bado akamtafutia tiketi kwenye simu yake, huku machozi yakidondokea kioo. Jumanne usiku babake alipata ujumbe kutoka namba asiyoijua: Karibu nyumbani, mkutubi. Alimwonyesha mkewe, kisha mimi, kisha akaufuta. Égide hakupokea simu tena.

Marie-Jeanne hakumsemesha mumewe siku nne, isipokuwa kupitia kwangu, niliyekuwa bado mgeni wao. "Mwambie soksi zake ziko juu ya kitanda." Alikuwa amekaa mita moja kutoka kwetu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kutoka, Vénérand alinawa mara moja zaidi. Alikitoa kitabu cha nyuki kutoka rafuni. Utepe ulikuwa mwisho kabisa, baada ya faharasa, mahali alipouacha mwenyewe. Aliuvuta taratibu, akarudisha kurasa, akaulaza kwenye ukurasa wa sitini na nne. Akanikabidhi kitabu, akaniomba nikitunze mpaka arudi, na nisikisome. Daftari akalitia ndani ya shati.

Marie-Jeanne alitusindikiza kituoni, hatua tatu nyuma yetu. Treni ya kwenda mjini ilikuja kwa wakati, na nilimwona Vénérand akiitazama saa yake kwa kuridhika, hata siku hiyo. Ndipo mkewe akapita mbele, akamwekea mikononi bakuli la plastiki lililofungwa kwa taulo ya jikoni.

"Hii utakula weye," akamwambia. "Ukiwa na njaa, sema uko na njaa."

Akaitikia kwa kichwa. Milango ikafungwa. Kupitia kioo tulimwona akitafuta kiti, akaweka bakuli magotini, na kabla treni haijaliacha jukwaa alikuwa ameshafungua kifuniko na anakula, kwa mkono, mbele ya watu wote, huku akimtazama mkewe.

Tulibaki pale jukwaani, yeye na mimi na kitabu. Treni nyingine ikaja ya upande wa pili, ikashusha watu, ikaenda. Marie-Jeanne alikuwa bado anatazama reli za upande wa mjini. Aliniuliza kule alikokwenda saa hizi ni saa ngapi, nikamwambia. Akauliza na siku ya baraza, saa ngapi za huku. Nikamwambia na hiyo pia. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, zote mbili, kwa mwandiko unaosomeka.